Gunzi la Plagi ya Kwanza

Siku ya arobaini ya Baba, wageni walipokwisha kula na kuondoka, kaka zangu walifungua sanduku lake la vyombo vya kazi ili wagawane. Kila mmoja alijua anachokitaka. Mkubwa alichukua spana, wa pili akachukua jeki na nyundo. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga kilichokakamaa kwa grisi, palikuwa na gunzi la mahindi. Gunzi tupu, fupi kama kidole, ncha moja imechongwa kwa kisu na kuingia weusi. Kaka mkubwa aliligeuzageuza, akasema, "Mzee naye! Takataka gani hii?" akainua mkono alitupe uani.

Mimi nilinyoosha kiganja tu. Akanipa.

Nililinusa. Petroli iliyozeeka, moshi, na kwa mbali harufu ya unga wa mahindi. Nikawa tena mtoto wa miaka minane, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kwenye uwanja wa nyumba yetu ya mtaa wa Chemchem, siku ambayo nusura Shangazi yangu aolewe na mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa moyo wangu wote.

Baba alikuwa fundi wa magari. Kabla ya hapo alikuwa karakana ya reli, akipigilia misumari ya chuma moto miaka mingi, na zile nyundo zikaondoka na masikio yake. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilisikia kwa kubembelezwa. Lakini injini alizisikia. Alikuwa akiuma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha yake akaigusisha kwenye chuma cha injini, akafumba macho. "Inaongea kwenye meno," alikuwa akisema. Watoto wa mtaani walicheka, mimi sikucheka, maana nilishajaribu na ni kweli.

Mimi nilikuwa mtoto wa kimya. Shuleni mwalimu akiniita, maneno yalikuja mpaka kooni yakarudi. Nyumbani walikuwa wamezoea. Baba hakusikia na mimi sikusema, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Nilimshika shati, nikaonyesha kidole, akajua.

Na alikuwepo Bwana Mrisho. Huyu alikuwa Mzaramo wa pwani, mtu mrefu, kazi yake kupeperusha bendera pale stesheni. Alikuja kwetu karibu kila siku, na hakuwahi kupiga hodi ya watu wa kawaida.

"Hodi nyumba ya wapagazi!"

Bibi, mama yake Baba, alijibu bila kuinua kichwa kwenye ungo wake: "Pita, mla papa. Leo umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kuona kama mmejifunza kupanda gari, au bado mnatembea mpaka pwani na meno ya tembo begani kama babu zenu."

"Babu zetu walipofika kwenu waliwakuta mmelala. Mpaka leo hamjaamka."

Halafu Bibi alimpakulia chakula. Watu wazima walijua kinachoendelea. Babu zetu Wanyamwezi walitembea njia ya misafara miezi na miezi, na walipofika pwani wakiwa hoi, watu wa kule waliwapokea, wakawauguza, wakawazika waliokufa. Ukatoka utani usiokatika. Mtani anakutukana, anakula chakula chako, na siku ya kifo ndiye anayeshika jembe la kwanza. Baba alipofariki, watoto wa Bwana Mrisho ndio walioingia kaburini kumpokea.

Lakini mimi wakati ule hakuna aliyenieleza. Nilichokiona ni mtu mzima anayeingia kwetu kila siku, anatutukana, anakula, na hakuna anayemfukuza. Nikadhani tunamwogopa.

Shangazi Mwajuma alikuwa mdogo wa mwisho wa Baba. Ndiye aliyenilea mgongoni, na nililala naye kitanda kimoja mpaka Jumamosi ile ya mwisho. Aliposwa na Mwalimu Saidi wa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Goweko, nililia, kisha nikamkubali, kwa sababu Mwalimu Saidi alikuja na boksi la chaki za rangi akanipa mimi, hakumpa mwingine. Alisema na mimi taratibu, na nisipojibu hakurudia swali.

Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka siku zile za kubana mafuta. Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani. Pale mwisho wa mji polisi walishusha mti wao wa kufunga barabara, na aliyechelewa alirudi kwake. Harusi ikawa Jumapili, kwa sababu Jumamosi Mwalimu alikuwa na zamu shamba la kijiji, na Jumatatu alitakiwa darasani. Nikaha asubuhi, pilau, halafu bibi harusi apite ule mti kabla ya saa nane. Treni ya kuelekea huko ilishapita alfajiri. Na Baba alikuwa ametangaza mtaa mzima: dada yake hapandi gari la kuazima. Atapanda pikapu ya kaka yake.

Hiyo pikapu ilitokana na maiti za magari matatu. Milango ya bluu, boneti la kijivu, na nyuma kijani. Breki ya mkono haikuwepo. Baba alilizuia gari kwa kuliacha kwenye gia, na kwa jiwe.

Jumamosi jioni lilirudi kutoka kuchukua kuni likikohoa kama mzee wa tumbaku. Jumapili kulipopambazuka Baba akafungua boneti, nami nikawa hapo. Aliingiza mkono akashika distribyuta, kile chombo kinachogawa cheche kwa plagi, kila plagi kwa zamu yake. Kilitakiwa kisimame imara. Kikazunguka mkononi mwake kama kizibo cha chupa.

"Bolti yake imedondoka njiani," akasema. "Ndiyo maana. Mgawaji akilewa, nani atapata haki yake?"

Aliomba chaki zangu. Akachora mstari mweupe kwenye chuma, akachora mwingine kwenye distribyuta, kuonyesha rota inatazama wapi. Rota ni kile kipande cha ndani kinachozunguka kikinyoosha kidole kwa kila plagi. Kisha akachomoa distribyuta nzima aipanguse. Akafungua na plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Akaangalia jiwe, akaangalia gia, akaridhika. Alama zipo, injini haitaguswa, akirudi atachomeka kama alivyochomoa.

Saa tatu alivaa kanzu juu ya nguo za kazi akamwozesha dada yake, maana yeye ndiye aliyekuwa walii. Vidole vyake vilikuwa na oili, na Mwalimu Saidi alipompa mkono naye akapata oili, na watu wakasema ni baraka. Nikaha ilipokwisha tu, Baba akavua kanzu, akapanda baiskeli kwenda dukani kwa Bwana Lalji kutafuta bolti.

Hapo ndipo Bibi alipotoka uani, akaliona gari.

"Nani kaliweka hivi?" akauliza. "Gari la bibi harusi linageuza pua nyumbani? Likitazama mlango, huyu atarudi kwangu kabla mwezi haujaandama! Ligeuzeni."

Mama alisema, "Mama, tumsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi niliyemzaa mwenyewe. Ligeuzeni!"

Wakaja wanawake saba, wamejifunga vibwebwe, mikono bado ina unga. Wakaondoa jiwe. Mama alishika usukani kupitia dirishani. Wakaanza kusukuma kwa wimbo, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena, vigelegele katikati, mpaka pua ya pikapu ikaelekea barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu changu, na boneti lilikuwa wazi. Nikaona feni ya injini inazunguka. Kila wakipiga hatua, feni nayo inapiga hatua. Wakirudi nyuma, nayo inarudi. Niliona ni mchezo mzuri sana, nikacheka peke yangu.

Wakarudisha jiwe, wakafunga maua ya bogenvilia kwenye vioo.

Baba alirudi karibu saa tano, jasho tupu, uso umejaa furaha. Madukani hakukuwa na bolti ya saizi ile. Bwana Lalji alikuwa amefungua moja kutoka mguu wa cherehani yake mwenyewe iliyokuwa barazani. "Mwambie bibi harusi," alimwambia Baba, "fundi wangu wa nguo atashona akichechemea mpaka ipatikane bolti nyingine."

Baba akaona gari limegeuzwa. Akasimama.

"Nani kaligeuza? Mlitoa gia?"

Bibi akajibu kwa sauti ya mtu asiyewahi kukosea: "Tulitoa kila kitu!"

Baba akalielekeza lile sikio la kushoto, akasikia "tulitoa", akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akachomeka distribyuta, mstari wa chaki ukatazamana na mstari wa chaki. Akakaza bolti ya cherehani. Akarudisha plagi na nyaya zake. Watu walishajaa uwanjani. Bwana Mrisho alikuwa amepewa kiti cha mbele, kanzu imepigwa pasi, saa ya reli mkononi.

"Wapagazi," akasema, "mimi nasema sheria, msikilize. Ikifika saa nane hiki chuma hakijanguruma, bibi harusi ni wangu. Nampandisha behewa langu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Alisema sheria.

"Na likiwaka?" Bibi akauliza.

"Likiwaka, nalibeba sanduku lake kichwani kutoka hapa mpaka relini. Kama babu yako."

"Mashahidi mnasikia," Bibi akasema.

Baba akaweka gia huru kwa mazoea, bila kuwaza ilikuwa wapi, akachukua hendeli, akaitia mbele ya gari, akazungusha. Injini ikasema puu. Akazungusha tena. Ukatoka mlio ambao sijausikia tena maishani, mzinga mtupu, moto ukachungulia juu kwenye kabureta na moshi mweusi ukaruka nyuma kwenye ekzosi. Kuku wakaingia ndani. Wanawake wakaingia ndani. Bwana Mrisho akaanguka na kiti chake, akakaa katikati ya sinia la karanga.

"Wameniua!" akapiga kelele. "Wameshindwa kwa gari, sasa wanatumia mizinga!"

Baba akasogeza distribyuta kidogo kushoto. Mzinga. Akaisogeza kulia. Kimya. Akatoa kifuniko, akaangalia, akapuliza. Akachunguza mistari ya chaki. Akauma bisibisi, akagusa injini, akaiachia. Injini iliyozima haina la kusema.

"Alama iko sawa," akanong'ona. Alidhani ananong'ona, lakini mtu asiyesikia hajui sauti yake, na uwanja mzima ukamsikia. "Alama iko sawa kabisa. Mbona hainitaki?"

Sikuwahi kumwona Baba hajui. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu hewani. Mwalimu Saidi alisogea akasema kwa adabu, "Shemeji, tunaweza kusukuma." Bwana Mrisho akadakia, "Mwalimu, wewe lifundishe tu! Litie darasa la kwanza!" Akaiangalia saa yake. "Imebaki saa moja na nusu. Bi Mwajuma, sanduku lisiandikwe Goweko. Andika Mrisho."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, mtandio umemfunika mpaka kidevuni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akainama, yakatikisika zaidi. Nikajua analia.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile feni.

Sikujua gia ni nini hasa. Lakini nilijua kwamba Baba alichora mstari ili kitu kibaki pale pale, na kile kitu hakikubaki, kilizunguka, nami nilikiona. Nikashuka kwenye kinu. Nikaenda nikamshika Baba shati, nikaonyesha feni kwa kidole.

"Feni nzima," akasema. "Haina tatizo."

Nikavuta tena. "Ilizunguka," nikasema.

"Eeh?"

"Ilizunguka."

"Eeh?" Akainama na sikio la kushoto. Kidole hakikutosha, na kunong'ona hakukutosha. Nyuma yangu walikuwepo watu wote wa Chemchem, na Bibi, ambaye nikisema nitakuwa nimemwumbua mbele ya wageni. Nikamtazama Shangazi tena. Yale mabega.

Nikapiga kelele. "BABA! GIA HAIKUTOLEWA! WALISUKUMA FENI IKAWA INAZUNGUKA! BIBI HAJUI GIA!"

Nilifumba macho nikasubiri kofi.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Bibi. "Mayo! Kumbe haka kana sauti!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Bibi akaendelea, "Na kweli. Gia ni kitu gani? Mimi nilidhani ni jiwe!" Mama akaficha uso kwenye kanga. Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Feni ilizunguka? Namna gani?"

Nikaonyesha kwa mkono: mbele, nyuma, mbele. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Basi alama yangu ni ya asubuhi," akasema, "na injini imeshahama. Gari halina kosa. Lete gunzi."

Siku ile magunzi hayakukosekana. Nikaleta moja. Akalikata kwa kisu, akachonga ncha. Akachomoa tena plagi zote, akalichomeka gunzi kwenye tundu la plagi ya kwanza, wala si kwa nguvu. "Pistoni ya kwanza ikipanda na pumzi yake," alinieleza, na alinieleza mimi, si Mwalimu wala wale vijana, "italitema hili. Likiruka, piga kelele. Sasa unajua."

Akazungusha hendeli pole pole. Watu wakasogea. Hata Bwana Mrisho alisogea na karanga zake matakoni. Mzunguko mmoja, kimya. Nusu nyingine, na paa! Gunzi likaruka, likampiga Bwana Mrisho kwenye paji la uso.

"HAPO!" nikapiga kelele, na ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza.

"Limechagua lenyewe," Bibi akasema. "Hata gunzi linamjua mwizi."

Baba akasogeza hendeli unywele mpaka alama ya kwenye puli, kule mbele ya injini, ikatazamana na msumari wake. Sasa pistoni ya kwanza ilikuwa juu, tayari kwa moto. Akachomeka distribyuta upya, rota ikinyoosha kidole kwenye waya wa plagi ya kwanza. Akafunga balbu ndogo ya tochi kwa waya, akafungua swichi, akawa anaizungusha distribyuta kwa ncha za vidole. Balbu ikawaka. Akarudi, ikazima. Akaenda tena, taratibu kuliko mtu anayemlaza mtoto, na pale ilipowaka tu akaacha. "Cheche inatokea hapa," akasema. Akakaza bolti nusu, akarudisha plagi.

Mpigo mmoja wa hendeli. Likawaka.

Sina maneno ya vile vigelegele. Lakini Baba hakushangilia. Likiwa linanguruma, aliuma bisibisi, akafumba macho, kisha akatikisa kichwa. Palikuwa na kelele nyingi mno, za watu na za bati la pikapu lenyewe, meno yake hayakuweza kuchambua. Akaniangalia. "Nisikilizie. Kama kwenye kinu."

Hilo nililijua. Wiki nzima walikuwa wakitwanga mpunga wa harusi kwenye kile kinu kikubwa, Mama, Shangazi na jirani, michi mitatu ndani ya kinu kimoja, kila mmoja kwa zamu, tu, tu, tu, kama mtu mmoja mwenye mikono mitatu. Nikaomba niwe wa nne. Nikawa nawahi, mchi wangu unagonga wa Mama hewani, ka! Nikijizuia sana, nachelewa, nakuta wenzangu wameshapita, mpigo unakuwa mzito na kinu kinazubaa. Siku ya tatu ndipo niliipata nafasi yangu. Baba alikuwa amekaa pembeni akitazama, akasema, "Injini ni hivyo hivyo. Michi minne. Moto ukiwahi, chuma kinagonga chuma. Ukichelewa, gari linakuwa zito kama limebeba mlima."

Nikaweka mkono juu ya chuma cha moto cha madigadi, kile kinachofunika gurudumu, nikasikiliza. Michi ilikuwa inachelewa. Ndivyo nilivyosikia, mpigo mzito. Nikatikisa kichwa. Baba akasogeza distribyuta. Ikawa nyepesi, ikapanda, halafu ndani yake ukaanza mlio mdogo mkavu, ka, ka, ka.

"Inagonga!" nikasema.

Akarudisha nyuma kidogo. Ka. Akarudisha kidogo tena. Na pale michi yote minne ikaingia mahali pake. Nikaanza kupiga makofi bila kujijua, tu, tu, tu, tu, wanawake wakadaka makofi yangu, na uwanja mzima ukawa unapiga makofi kwa mpigo wa injini. Baba akaona mikono ya watu, akaelewa. Akaikaza bolti ya cherehani mpaka mwisho, kisha akaliokota lile gunzi akalitia mfukoni.

"Saa ngapi, bwana bendera?" Bibi akauliza.

Bwana Mrisho akaificha saa mfukoni. "Saa yangu imekufa kwa ule mzinga."

"Sanduku lile pale."

Akavua viatu vyake vyeusi, akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni. Vijana wakamtwika sanduku la mbao, ndani yake mashuka, sufuria na kibuyu cha asali. Akatangulia mbele ya gari kwenye vumbi, shingo imenyooka, akiimba wimbo wa wapagazi kwa maneno yasiyo sahihi, na Baba nyuma yake kwa gia ya kwanza, na watu wa Chemchem kulia na kushoto. Kila nyumba tuliyopita walitoka kumtazama Mzaramo aliyebeba mzigo wa Mnyamwezi. "Pumzika, pagazi!" walimpigia kelele. "Pwani bado mbali!"

Mimi nilikuwa mbele, nimebanwa kati ya Baba na Shangazi, na Mwalimu Saidi dirishani. Kulikuwa na ubishi kidogo kuhusu mimi, kwamba nafasi haipo. Baba akasema, "Bibi harusi anamhitaji mumewe. Mimi nahitaji sikio." Ukaisha.

Pale relini Bwana Mrisho akatua sanduku nyuma ya pikapu. Jasho lilikuwa limeilowesha kanzu yote. Akaja dirishani kwetu, nikashika mkono wa Shangazi kwa mikono yangu miwili. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kanga mpya, doti nzima, imekunjwa vizuri. Alikuwa nayo tangu asubuhi.

"Nenda salama, dada yangu," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Huyo mwalimu akikusumbua, nitakuja na bendera nyekundu."

Dada yangu. Nililifikiria neno hilo. Mtu haoi dada yake, hilo nililijua hata mimi. Nikamgeukia Shangazi, akafunua mtandio, na hakukuwa na chozi hata moja. Wanja haukuchuruzika popote. "Ulidhani nini, wewe?" akaninong'oneza. "Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Na wewe ndiye uliyenimaliza. Ati Bibi hajui gia!"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Kisha aibu ikageuka, sijui vipi, nikaanza kucheka, na Bwana Mrisho akaona nacheka, akanigonga kichwani kwa kidole. "Bi Kimya," akasema. "Kumbe mdomo unao. Basi kuanzia leo na wewe nitakutukana." Ilikuwa heshima kubwa.

Kwenye mti wa polisi tulipita saa nane kasoro dakika kumi. Yule askari alitazama saa, akatazama maua ya bogenvilia, akatazama milango ya bluu na boneti la kijivu, akatupungia mkono tupite huku anatabasamu. Mbele ilikuwa barabara nyekundu na miti ya miombo, upepo ukaingia na harufu ya petroli na asali. Kibuyu kilishaanza kuvuja.

Tukafika kwenye mwinuko wa kwanza. Gari likaanza kuvuta. Hapo ndipo injini inapoonyesha ukweli wake, kwenye mlima na mzigo. Kelele za bati zilikuwa nyingi, bisibisi haiwezi kuumwa na mtu anayeendesha. Baba akanitupia jicho, akainua nyusi zake: vipi?

Nikasikiliza. Sikupiga kelele tena, haikuhitajika. Niliweka mkono juu ya goti lake, nikampigia kwa kiganja: tu, tu, tu, tu. Akacheka, akakanyaga mafuta.